Saratani ya mirija ya nyongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uchunguzi na matibabu

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mgonjwa, ndugu anayemuuguza, na mhudumu wa zahanati au kituo cha afya ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kuyaona macho ya mgonjwa yakiwa ya manjano. Yanasisitiza sana mpangilio wa hatua, kwa sababu katika ugonjwa huu kipimo kikifanywa kabla ya wakati wake huweza kuvuruga kile kinachofuata, na matibabu ya haraka yasiyotanguliwa na picha nzuri huweza kumnyima mgonjwa nafasi ya upasuaji.

Mirija ya nyongo iko wapi, na saratani yake huanzia wapi?

Ini hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Nyongo hiyo hukusanywa na vijirija vyembamba vilivyotapakaa ndani ya ini, ambavyo huungana hadi kuwa mirija miwili, wa kulia na wa kushoto; mirija hiyo hukutana kwenye mlango wa ini na kuwa mrija mkuu mmoja, ambao huunganishwa na mfuko wa nyongo, hupita nyuma ya kichwa cha kongosho, kisha humwaga nyongo katika duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba.

Saratani inaweza kuanza mahali popote katika safari hiyo, na madaktari huigawa katika makundi matatu: ya ndani ya ini, ya kwenye mlango wa ini, na ya sehemu ya chini karibu na kongosho. Ile ya kwenye mlango wa ini ndiyo inayoonekana zaidi, na wengi huiita uvimbe wa Klatskin kwa jina la daktari wa Marekani, Gerald Klatskin, aliyeieleza kwa kina mwaka 1965. Mgawanyo huu ndio unaoamua dalili zitakazotangulia, kipimo kitakachofaa na aina ya upasuaji, kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari baada ya kuambiwa kuna saratani ni hili: iko sehemu gani ya mrija?

Ni dalili zipi zinazopaswa kunipeleka hospitali bila kusubiri?

Dalili kuu ya uvimbe unaoziba mrija ni manjano inayoingia taratibu bila maumivu makali. Nyongo ikikosa njia ya kwenda utumbo hurudi kwenye damu: macho na ngozi huwa ya manjano, mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi, choo hupauka hadi kuwa cheupe au kijivu, na mwili huwasha, hasa usiku, kiasi kwamba baadhi ya wagonjwa hufika hospitali wakiwa na makovu ya kujikuna mikononi na migongoni. Weupe wa jicho uangaliwe mchana kwenye mwanga wa jua, kwa sababu taa nyingi za ndani huficha manjano hafifu.

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Mgonjwa hupewa dawa za malaria, kisha za taifodi, kisha huambiwa ni homa ya ini na apumzike, na wiki zinakwenda. Ni kweli kwamba homa ya ini husababisha manjano, kama ambavyo dawa za kifua kikuu na baadhi ya mitishamba husababisha. Lakini manjano yenye choo kilichopauka na mwili kuwasha ihesabiwe kuwa ni kuziba kwa mrija mpaka ultrasaundi ionyeshe vinginevyo, na ultrasaundi hiyo haifai kungojewa zaidi ya siku chache.

Uvimbe ulio ndani ya ini una tabia tofauti. Huweza kukua kwa muda mrefu bila manjano yoyote, ukileta tu kupungua uzito, uchovu, au uzito fulani chini ya mbavu za kulia, na mara nyingine hugunduliwa kwa bahati wakati mtu anapimwa jambo jingine.

Manjano ikiambatana na homa na kutetemeka kwa baridi ni dharura ya siku hiyohiyo. Maana yake ni kwamba nyongo iliyotuama imeingiwa na bakteria, na mgonjwa anahitaji antibiotiki za mishipa na kufunguliwa mrija, kwa kuwa maambukizi hayo yanaweza kumwua kabla saratani yenyewe haijamdhuru.

Ugonjwa huu husababishwa na nini?

Wagonjwa wengi hawana sababu inayojulikana, na hakuna haja ya mtu kujilaumu. Kinachojulikana ni kwamba uvimbe hupenda kutokea pale mirija ilipokaa na mchochota kwa miaka mingi. Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka kaskazini-mashariki mwa Thailand, ambako watu hula samaki wabichi wa maji baridi wenye minyoo bapa ya ini aitwaye Opisthorchis viverrini. Eneo hilo lina viwango vya saratani hii vya juu kuliko kwingine kote duniani, na mnyoo huyo ameorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa. Huko Osaka, Japani, saratani hii iligunduliwa kwa wafanyakazi vijana wa kiwanda kidogo cha uchapaji waliokuwa wakisafisha mashine kwa kemikali iitwayo dikloropropani katika chumba kisicho na hewa ya kutosha.

Visababishi vingine ni ugonjwa wa makovu ya mirija unaoandamana mara nyingi na mchochota wa utumbo mpana, mirija iliyopanuka tangu kuzaliwa, mawe ndani ya mirija ya ini, homa ya ini B na C, na ini lililosinyaa kwa makovu. Wasomaji wa Afrika Mashariki huuliza sana kuhusu minyoo bapa ambayo wachinjaji huikuta kwenye maini ya ng'ombe na kondoo. Huyo ni Fasciola, jamaa wa mbali wa yule wa Thailand. Anaweza kumwambukiza binadamu na kuziba mirija, lakini hajathibitishwa kuwa anasababisha saratani hii.

Je, kipimo cha damu peke yake kinatosha kugundua?

Hakitoshi. Vipimo vya utendaji wa ini huonyesha aina ya tatizo: pale mrija unapoziba, bilirubini (rangi ya manjano iliyomo kwenye nyongo) na kimeng'enya cha alkalini fosfatesi hupanda kuliko vimeng'enya vinavyoonyesha kuumia kwa seli za ini zenyewe. Hapo mhudumu hujua kuwa aangalie mirija.

Kipimo kinachowachanganya watu ni CA 19-9, kinachopima kitu fulani katika damu ambacho huongezeka katika baadhi ya saratani. Kiwango chake hupanda kwa wagonjwa wengi wa saratani ya nyongo na ya kongosho, lakini hupanda vilevile mrija ukizibwa na jiwe tu, na hupanda zaidi nyongo ikiwa na maambukizi. Kwa upande mwingine kuna watu ambao kwa maumbile yao ya damu hawatengenezi kabisa kitu hicho, hivyo kipimo chao hubaki chini hata kama uvimbe ni mkubwa. Kiwango kinachopimwa baada ya manjano kushuka kina thamani kubwa kuliko kinachopimwa wakati mrija umeziba, na faida yake kubwa ni kufuatilia maendeleo ya matibabu. Anayelipa kutoka mfukoni, na ana fedha za kipimo kimoja tu, aanze na ultrasaundi.

Kipimo cha kuganda kwa damu hakipaswi kusahaulika. Bila nyongo utumboni mwili haufyonzi vitamini K vizuri, na damu huchelewa kuganda. Sindano ya vitamini K hurekebisha hali hiyo kabla ya utaratibu wowote wa kuchoma au kukata.

Ultrasaundi imeonyesha mirija imepanuka. Hatua inayofuata ni ipi?

Soma ripoti yenyewe, usiridhike na neno la hitimisho. Ikiwa mirija ya ndani ya ini imepanuka huku mrija mkuu ukiwa wa kawaida na mfuko wa nyongo umesinyaa, kizuizi kiko juu, kwenye mlango wa ini. Ikiwa mrija mkuu umepanuka hadi chini na mfuko wa nyongo umetanuka, kizuizi kiko karibu na kongosho. Mtaalamu mzuri wa ultrasaundi huandika hayo, na pia huandika kama ameona mawe.

Baada ya hapo kinatakiwa kipimo cha CT chenye dawa ya kung'arisha mishipa, kikipigwa katika awamu zaidi ya moja, na kinajumuisha kifua ili kuona kama ugonjwa umefika kwenye mapafu. Kipimo cha MRI kinachochora mirija ya nyongo hutoa ramani ya mirija bila kuingiza kifaa chochote mwilini, na kwa uvimbe wa kwenye mlango wa ini ndicho chenye manufaa zaidi.

Picha hizi zipigwe kabla ya kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha plastiki au chuma kinachoachwa ndani ya mrija ili ubaki wazi. Stenti ikishawekwa, mirija iliyopanuka hunywea, ukuta wake huvimba kwa mchochota, na chuma au plastiki huleta kivuli, hivyo mipaka halisi ya uvimbe haionekani tena. Daktari wa upasuaji wa ini anayepewa picha za namna hiyo hulazimika kubahatisha. Mgonjwa mwenye maambukizi makali ya nyongo hawezi kungoja, na kwake mrija ufunguliwe kwanza. Wengine wote, siku mbili tatu za kupata picha nzuri hazipotei bure.

ERCP ni kipimo au ni matibabu?

ERCP, yaani kuifikia mirija ya nyongo kwa kamera inayopitia mdomoni, siku hizi ni matibabu zaidi kuliko kipimo. Mgonjwa hulazwa kifudifudi au ubavu, hupewa dawa ya usingizi, na kamera ndefu inayopindika huingizwa kupitia mdomoni, tumboni, hadi kwenye duodeni. Pale, kwenye kichuguu kidogo cha nyama ambamo mrija wa nyongo hufungukia, daktari huingiza waya mwembamba, hufuatisha mpira, humwaga dawa inayoonekana kwenye eksirei, na kupitia njia hiyohiyo anaweza kusugua ukuta wa mrija kwa brashi ndogo ili kupata seli, kisha akaacha stenti. Brashi hiyo hukosa saratani kwa wagonjwa wengi walio nayo, kwa hiyo jibu la "hakuna seli za saratani" haliondoi shaka iwapo picha zinaonyesha uvimbe.

Utaratibu huu una madhara yanayoweza kutokea, yakiwemo mchochota wa kongosho, kutokwa damu, kutoboka kwa utumbo na maambukizi. Kwa Afrika Mashariki hufanyika katika hospitali chache kubwa, hasa za miji kama Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo rufaa iandikwe mapema. Pale kamera inaposhindwa kufika, au uvimbe ukiwa juu sana, mtaalamu wa radiolojia huweza kupitisha mrija kwa sindano kupitia ngozi na ini, nyongo ikatokea kwenye mfuko wa nje. Anayetunza mfuko huo aandike kiasi kinachotoka kila siku, kwa sababu nyongo hubeba maji na chumvi nyingi, na mgonjwa anaweza kuishiwa nguvu kwa kupungukiwa vitu hivyo huku kila mtu akidhani ni saratani.

Je, ni lazima kinyama kichukuliwe kabla ya upasuaji?

Kinyama ni kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa ili kipimwe maabara. Si lazima, na wakati mwingine haifai. Ikiwa picha zinaonyesha uvimbe unaoweza kuondolewa wote, madaktari wa upasuaji mara nyingi huendelea bila kinyama, kwa sababu sindano inayopita tumboni huweza kumwaga seli za saratani njiani. Kwa uvimbe wa mlango wa ini, kuchomwa sindano kupitia ukuta wa tumbo kunaweza kumwondolea mgonjwa sifa ya kupandikizwa ini. Usikubali sindano ya haraka kabla daktari wa upasuaji hajaziona picha.

Kinyume chake, hakuna anayepaswa kuanzishiwa kemo (dawa za kuua seli za saratani) bila jibu la maabara ya patholojia. Kuna magonjwa yanayofanana mno na saratani hii: mchochota wa mirija unaohusiana na kingamwili za IgG4, ambao hupungua kwa vidonge vya prednisoloni; kifua kikuu cha tezi za kwenye mlango wa ini, ambacho katika nchi zetu si jambo la nadra la kupuuzwa; na kusinyaa kwa mirija kwa watu wenye virusi vya UKIMWI ambao kinga yao imeshuka sana.

Nani anaweza kufanyiwa upasuaji?

Upasuaji unaoondoa uvimbe wote, ukiwa na ukingo safi usio na seli za saratani, ndiyo tiba yenye tumaini la kuponya. Wagonjwa wengi hugunduliwa wakati nafasi hiyo imeshapita, kwa sababu ugonjwa umesambaa au umezingira mishipa mikubwa ya damu ya ini pande zote mbili.

Uvimbe wa ndani ya ini huondolewa pamoja na kipande cha ini. Ule wa mlango wa ini huhitaji kukata mrija, nusu ya ini au zaidi, na tezi za jirani, kisha kuunganisha mirija iliyobaki na utumbo. Ule wa chini huondolewa kwa upasuaji wa Whipple, ambao huchukua kichwa cha kongosho, duodeni na mfuko wa nyongo. Swali linalotangulia yote hayo ni ini kiasi gani litabaki. Kwa ini lenye afya, robo hivi ya ujazo wake inaweza kutosha. Kwa ini lililosinyaa inatakiwa karibu asilimia 40. Inapoonekana kuwa litakalobaki ni dogo, mshipa wa damu unaokwenda upande utakaokatwa huzibwa makusudi, na kwa muda wa wiki chache upande wa pili hukua. Huu ni upasuaji wa hospitali inayoufanya mara kwa mara, na si aibu kwa daktari yeyote kumtuma mgonjwa mbele.

Baada ya upasuaji kuna dawa?

Ndiyo. Vidonge vya kapesitabini hutolewa kwa takriban miezi 6, kwa kufuata utafiti wa Uingereza uitwao BILCAP uliochapishwa mwaka 2019, ambapo nusu ya waliopewa vidonge waliishi zaidi ya miezi 51, na nusu ya waliofuatiliwa bila dawa waliishi zaidi ya miezi 36. Kwa hesabu kali za takwimu tofauti hiyo ilikosa kidogo kuthibitika katika kundi zima, lakini imekubalika kuwa msingi wa matibabu. Viganja na nyayo zikianza kuwa nyekundu, kuuma na kuchubuka, mgonjwa amwambie daktari kabla ya kuendelea na mzunguko mwingine.

Je, kupandikiza ini kunawezekana?

Kwa wachache tu: uvimbe wa mlango wa ini usiozidi sentimita 3, usioweza kukatwa, usiosambaa, na baada ya mionzi na kemo. Utaratibu huo ulijengwa katika Kliniki ya Mayo, Marekani.

Nimeambiwa uvimbe hauwezi kuondolewa. Nini kinafuata?

Kwanza mrija ufunguliwe ili manjano ishuke, kwa sababu dawa nyingi za kemo hazitolewi kwa usalama bilirubini ikiwa juu. Kisha tiba ya kawaida ni mchanganyiko wa gemsitabini na sisplatini kwa dripu, siku ya 1 na ya 8 ya kila mzunguko wa siku 21. Mchanganyiko huo ulikubalika duniani baada ya utafiti wa ABC-02 wa mwaka 2010, ulioonyesha wastani wa kuishi miezi 11.7 dhidi ya 8.1 kwa gemsitabini peke yake. Sisplatini huchosha figo na huweza kupunguza usikivu, kwa hiyo maji ya dripu yanayotangulia dawa ni sehemu ya tiba, wala si ucheleweshaji wa wauguzi. Nchini Tanzania tiba za aina hii hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road na katika hospitali kadhaa za rufaa.

Tangu mwaka 2022 dawa inayosaidia kinga ya mwili kushambulia saratani, iitwayo durvalumabu, imeongezwa kwenye mchanganyiko huo. Wastani wa kuishi uliongezeka kidogo, kutoka miezi 11.5 hadi 12.8, lakini waliokuwa hai baada ya miaka 2 walikuwa takriban mmoja kati ya wanne, ilhali kwa waliopata kemo pekee walikuwa mmoja kati ya kumi. Bei yake ni kubwa. Familia inayofikiria kuuza kiwanja ili kuinunua izione tarakimu zote mbili kabla ya kuamua, na ijue kuwa kemo ya kawaida inabaki kuwa tiba halali, si tiba ya maskini.

Kwa uvimbe wa ndani ya ini, kinyama kinaweza kupimwa vinasaba. Wenye mabadiliko ya FGFR2 wanaweza kutumia pemigatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, na wenye mabadiliko ya IDH1 hutumia ivosidenibu, iliyoidhinishwa mwaka 2021. Zote mbili ni vidonge vinavyotolewa baada ya tiba ya kwanza.

Stenti ya plastiki au ya chuma?

Ya plastiki ni rahisi, lakini huziba na hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hivi. Ya chuma ni pana zaidi na hudumu zaidi, na kwa mgonjwa asiyeweza kupasuliwa mara nyingi huishia kuwa nafuu, ukijumlisha nauli na gharama za kurudia utaratibu. Ya chuma isiyofunikwa haiondolewi kirahisi, ndiyo maana haiwekwi kabla ya kuamua kuhusu upasuaji. Kwa aina yoyote, homa, kutetemeka au manjano kurudi kunamaanisha stenti imeziba, na mgonjwa aende hospitali siku hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Kuwashwa na maumivu vinatibiwaje?

Kuwashwa hupungua mrija ukifunguliwa. Hilo lisipowezekana, hutumika kolestiramini, rifampisini au setralini chini ya uangalizi wa daktari. Vidonge vya kawaida vya mzio husaidia kidogo tu, hasa kwa kuleta usingizi. Kwa maumivu makali dawa ni mofini ya kunywa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilionyesha kuwa mofini ya maji inaweza kutengenezwa kwa bei ndogo na kutumiwa nyumbani kwa usalama. Anayepewa mofini apewe na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa, iombwe mapema, hata wakati kemo inaendelea.

Chakula kiwe cha kawaida, kidogo kidogo, mara nyingi. Katazo la nyama nyekundu na mayai wanalopewa wagonjwa wengi halina faida hapa na huwamaliza nguvu. Mafuta yapunguzwe tu kama choo kinaelea na tumbo linajaa gesi.

Je, mitishamba inaruhusiwa?

Hakuna mti uliothibitishwa kufungua mrija uliozibwa na uvimbe, na baadhi ya dawa hizo huumiza ini ambalo tayari limelemewa. Aliyekwisha kutumia aseme waziwazi. Daktari anahitaji habari hiyo ili asome vipimo vya ini kwa usahihi, na mhudumu anayemkaripia mgonjwa kwa kusema ukweli humfundisha kuficha.

Watoto na ndugu zangu wapimwe?

Kwa kawaida hapana, kwa sababu saratani hii kwa walio wengi haiendi kwa urithi, na hakuna kipimo cha kuwachunguza watu wasio na dalili. Ikiwa mgonjwa ana homa ya ini B, waliozaliwa naye, watoto wake na mwenzi wake wapimwe virusi hivyo, na wasio navyo wachanjwe. Watoto wadogo hupata chanjo hiyo katika chanjo ya pamoja ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14; watu wazima wengi hawakuipata utotoni.